Chupa ya Kijani ya Mzee Elbio

Bangili ilikuwa ndani ya kopo la sukari, kama juzi, kama wiki iliyopita. Nibia aliitoa, akakung'uta chembe za sukari, akaiweka mezani mbele ya binti wa chuo kikuu.

"Hiyo hapo," alisema. "Usiniulize tena kama mzee anaivaa. Kinachoivaa ni sukari."

Magela hakucheka. Alikuwa amesafiri saa nne kwa basi kutoka Montevideo, kama alivyofanya kila Jumatatu, na kompyuta yake ilikuwa imekwisha kumwambia habari yote. Wiki tatu, na Mshiriki wa Kumi na Saba alikuwa amevaa bangili dakika arobaini kwa siku. Utafiti ulitaka saa sita.

"Mama Nibia, zimebaki siku saba," alisema. "Asipofikisha, kanuni zinasema anatolewa. Sikuziandika mimi."

"Akitolewa mnachukua bangili?"

"Bangili na ile programu ya kwenye simu."

Nibia aliutazama mlango. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye pete yake, zito, la shaba. Alilinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akiuza misumari na rangi kwa miaka kumi na tisa.

Baba yake, Elbio, alikuwa mwoka mikate wa Santa Rufina kwa miaka arobaini na mmoja. Alipostaafu, kila siku saa tisa mchana alivaa koti, akabana chupa ya maji moto kwapani, akashika mkononi kibuyu chake cha yerba, majani machungu ambayo watu wa Uruguay hunywa na maji moto siku nzima, akaenda klabu kuviringisha mipira na wazee wenzake. Halafu ugonjwa wa kusahau ukaanza kumla. Mwezi wa nane walimkuta akigonga mlango wa duka la dawa, mahali ilipokuwa zamani bekari yake, akitaka kuwasha tanuri. Mwezi wa tisa dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara kuu. Siku hiyohiyo Nibia alinunua kufuli.

Asubuhi jirani alikaa naye. Lakini saa tisa mchana Nibia ilimbidi arudi dukani, na ndipo alipofunga. Kabla hajafika kona ya mtaa, alisikia kitasa kikizungushwa. Baba yake hakupiga kelele wala kutukana. Alisema tu kupitia mlangoni, kwa adabu ya mtu aliyezoea wateja: "Bi mkubwa, samahani. Mlango umekwama."

Jirani alimwambia Nibia kwamba mzee husimama pale saa nzima, koti mwilini, chupa kwapani. Utafiti wa Magela ulikuwa na shabaha moja: kuona kama kifaa cha kuonyesha mahali kinaweza kuwafanya watu kama Nibia waache kufunga milango. Nibia alikubali siku ileile ya kwanza, kabla hajasoma karatasi.

"Labda anaichukia," Magela alisema sasa. "Kwenye fomu kuna sehemu ya sababu. Naweza kuandika 'anakataa kifaa'."

"Baba yangu hakatai kitu. Ukimpa kiatu cha kushoto mara mbili atavaa vyote viwili na atakushukuru. Andika hujui."

"Hakuna kisanduku cha 'sijui'."

"Basi nyie wasomi mna kazi."

Magela alipekua karatasi zake. "Tumalizie maswali ya leo. Je, mlezi unahisi uzito wa malezi kwa kiwango gani, moja hadi tano?"

"Saa ngapi?"

"Saa ngapi vipi?"

"Saa mbili asubuhi ni mbili. Saa tisa mchana ni tisa."

"Mwisho ni tano, mama."

"Ndiyo nakwambia mwisho wenu ni mfupi."

* * *

Siku iliyofuata Nibia hakwenda dukani asubuhi. Alimpigia mwenye duka, Yamandú, akamwambia anaumwa jino, akaketi jikoni na kikapu cha kunde za kumenya, akamtazama baba yake.

Elbio aliamka, akanywa chai, akakubali kuvalishwa bangili. Aliitazama kwa heshima kama zawadi. Kisha akaenda kwenye sinki. Alikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Akafungua maji. Kabla hajayagusa alivua bangili kwa vidole viwili, akanyoosha mkono bila kuangalia, akafungua kopo la sukari, akaitumbukiza, akafunga kopo. Ndipo akanawa, kiganja, mgongo wa mkono, kila kidole, mpaka viwikoni. Akajipangusa. Akasimama mbele ya meza tupu, mikono imeinuliwa kidogo, safi, akingoja unga ambao hakuna mtu angemletea.

Nibia aliacha kunde.

Aliikumbuka bekari. Alikuwa na miaka minane au tisa, amevaa bangili ya shanga ya siku yake ya kuzaliwa, akatia mkono ndani ya beseni la kinyunga ili aone kilivyo laini. Baba yake hakuwahi kumpiga kabla wala baada, ila siku ile alimchapa kiganjani kofi moja. "Mkono wenye kitu hauingii kwenye mkate wa watu," alimwambia. Na kando ya sinki la bekari, juu ya rafu, lilikuwepo kopo la sukari lisilo na sukari. Wanaume wote walitia humo saa zao na pete zao za ndoa kabla ya kazi.

Aliinua simu.

"Magela, binti yangu, hakatai kifaa chenu. Yuko kazini."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa jikoni, lakini yuko kazini. Anavua kwa sababu ni mwoka mikate. Angeiacha mkononi ningempeleka hospitali. Ninyi mlipokuwa mnabuni hiyo bangili, mlimuuliza mwoka mikate hata mmoja?"

"Tulifanya mapitio ya machapisho mia moja na tisa."

"Na waoka mikate?"

"Hapana."

"Fundi wa mashine? Mchinja nyama? Mkunga? Hawa wote hawavai kitu mkononi."

Nibia alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia binti yule akiandika kitu kabla ya kuuliza swali la kisanduku.

"Mama," Magela alisema, "kuna kitu chochote ambacho havui? Ambacho hatoki bila hicho?"

Nibia alicheka mpaka baba yake akageuka. Swali gani hilo la kumuuliza mtu wa Uruguay?

"Chupa yake," alisema. "Sasa nani hutoka bila chupa?"

Magela alicheka pia. Yake mwenyewe ilikuwa kwapani wakati ule, akiongea kwa simu huku akijimiminia kibuyu.

* * *

Ilibidi msimamizi wake akubali, na msimamizi akataka barua, na barua ikataka sahihi mbili. Nibia alidhani haitawezekana. Lakini Ijumaa Magela alishuka kwenye basi siku isiyo yake, na mkononi alikuwa na kidude kisichozidi kifungo cha koti. Walikipachika chini ya chupa kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, ambao Nibia alileta kutoka dukani. Chupa ilikuwa ya kijani kibichi, nene, nzuri. Klabu ilikuwa imewagawia wachezaji wake wote mwaka ilipotimiza miaka themanini.

"Wamekubali majaribio ya wiki sita," Magela alisema. "Msimamizi anasema ni jambo dogo lakini lina mvuto."

"Mwambie namshukuru. Na wewe nakushukuru. Sijui kusema maneno marefu."

"Mama husemi maneno mafupi pia. Unasema mawe."

Saa tisa Elbio alikuja mlangoni na koti lake. Alizungusha kitasa. Mlango ulifunguka. Alisimama pale kwa muda, akiliangalia jua mtaani, kisha akageuka kwa Nibia.

"Bi mkubwa, nani kautengeneza?"

"Huyu binti hapa."

Elbio alimtazama Magela, akavua kofia. "Mungu akubariki. Ulikuwa umekwama siku nyingi sana."

Akaenda. Wanawake wawili wakabaki wameinama juu ya simu, wakitazama nukta ya buluu ikivuka uwanja wa mji, ikisimama mbele ya duka la dawa, ikisitasita. Nukta ikaendelea, ikakata kona, ikaingia klabu. Magela alijifuta macho na karatasi yenye maswali.

Siku kumi zikapita hivyo. Saa tisa mzee alitoka, saa kumi na mbili Nibia alimpitia klabu akitoka dukani. Wazee walimwambia kwamba hajui tena alama za mchezo, lakini mpira akiushika bado unakwenda anapotaka. Nyumbani alikula vizuri. Alilala. Nibia pia alilala, na Yamandú akaona na kusema, "Wewe siku hizi unawaambia wateja habari za asubuhi. Una homa?"

* * *

Alhamisi, saa kumi na robo mchana, Nibia alikuwa akimpimia mteja kamba aliposikia simu ikilia kwa mlio ule ambao Magela aliuweka kwa jambo la hatari. Alitazama. Nukta ilikuwa imetoka nje ya mji. Ilikuwa kwenye barabara kuu na ilikwenda kasi.

Alipiga klabu. Mwenye baa alipokea. "Mzee Elbio? Katoka kitambo, dada, na chupa yake kwapani. Nilidhani umemfuata mwenyewe."

Akilini Nibia alimuona baba yake amepanda lori. Alimuona amesimama kwenye daraja. Akaona kufuli pia, na akafikiri, mimi ndiye niliyefungua.

"Yamandú," alisema, "chukua funguo za gari."

Yamandú hakuuliza. Alimwachia mteja duka zima na kamba yake, wakaingia kwenye gari dogo la mizigo, magunia ya saruji yakiwa bado nyuma. Nukta ilikuwa kilomita kumi na mbili mbele yao, kisha kumi, kisha tisa. Nibia aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nilimfungulia mlango," alisema.

"Ndiyo."

"Nilimfungulia kama mjinga, kwa sababu ya nukta."

"Ulimfungulia kwa sababu alikuwa anasimama saa nzima nyuma ya mlango. Mji mzima tulikuwa tunajua. Sasa nyamaza niendeshe."

Nukta iliingia mji wa Cardona, ikasimama kituo cha basi, halafu ikatembea polepole kwa miguu mitaa miwili, ikatulia. Yamandú alipanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja. Nibia alishuka kabla gari halijasimama.

Kwenye benchi mbele ya nyumba yenye lango jeupe alikuwa ameketi mwanaume mnene mwenye sharubu, miguu ameinyoosha, kibuyu mkononi. Kando yake ilisimama chupa ya kijani kibichi, na chini yake utepe mweusi.

Alikuwa Dardo Pintos, mchezaji mwenza wa baba yake klabuni, dereva mstaafu.

"Nibia!" alisema kwa furaha. "Umekuja kumwona mwanangu? Leo siku yake ya kuzaliwa, keki iko—"

"Baba yangu yuko wapi?"

"Nilimwacha klabu."

"Hayupo klabu! Chupa yake unayo wewe!"

Dardo aliiangalia chupa. Akaona haya mpaka masikioni. "Nilijua tulipofika darajani," alisema. "Nilikuwa na haraka ya basi, zilikuwa zimesimama pamoja kwenye ukuta, zote ishirini na mbili. Nikabeba ya karibu. Kwenye basi nikamimina, nikanywa, nikasema, lo! Chungwa. Nani mwingine anatia maganda ya chungwa kwenye maji? Nikasema, basi, kesho nitamrudishia. Kwani kuna nini? Ni chupa tu."

Nibia aliutazama ule utepe mweusi. Yeye na Magela, watu wawili wazima, mmoja na diploma na mwingine karibu kupata udaktari wa chuo kikuu, walikichagua kitu hiki kwa sababu hakuna mtu anayetoka bila hicho. Hawakukumbuka kwamba kwa sababu hiyohiyo, kila mtu anacho.

"Kwa hiyo baba ana ya kwako," alisema polepole.

"Bila shaka. Lakini hawezi kujua, maskini. Zinafanana."

"Atajua akinywa. Yako ina nini?"

"Maji. Mimi natia nini? Maji."

Nibia alikaa kwenye benchi. Alijilazimisha kufikiri kama anavyofikiri dukani mtu akija na kipande cha bomba asichokijua jina. Baba amekunywa. Hakuna chungwa. Amejua kitu hiki si chake, na aliyeondoka mbio ni Dardo. Sasa, mwoka mikate akiwa na chombo kisicho chake anafanya nini?

Kila Krismasi mji mzima ulileta masinia bekari. Tanuri za nyumbani zilikuwa ndogo, kwa hiyo kila familia ilimpa Elbio mwana kondoo wake au nguruwe wake mchanga, ametiwa chumvi na kitunguu saumu, naye aliwaoka wote pamoja, masinia sitini, sabini, mengine hayana hata alama. Jioni aliyagawa. Kwa miaka arobaini na mmoja hakuna nyumba iliyopata nyama ya nyumba nyingine. Na kama mtu hakuja kuchukua lake, Elbio hakulala nalo. Alilifunika kwa kitambaa, akalipeleka kwa miguu, akamkabidhi mwenyewe mkononi.

"Dardo, unakaa wapi siku hizi?"

"Palepale, kando ya reli. Nyumba ya mwisho."

"Piga klabu. Waambie waende kwako."

"Kwangu? Mlango nimefunga, hakuna mtu—"

"Piga!"

Dardo alipiga. Wazee wawili walitumwa na baiskeli. Nibia, Yamandú na Dardo walisimama barabarani kuizunguka simu kama watu wanaoota moto. Zilipita dakika kumi na moja. Nibia alizihesabu.

Simu ilipolia, sauti ilikuwa ya kuhema. "Yuko! Yuko hapa. Amekaa kizingitini kwa Dardo, mzima kabisa."

Nibia alishika bega la Yamandú.

"Mleteni nyumbani," Dardo alisema.

"Hataki."

"Hataki vipi? Mwambieni binti yake anamtafuta."

"Tumemwambia. Anasema hana nafasi. Tumemwomba atumiminie hata kibuyu kimoja, anasema maji si ya kwake wala ya kwetu. Anasema hatoki hapa mpaka amkabidhi mwenyewe mkononi. Dardo, ndugu yangu, njoo tu."

Dardo aliitazama nyumba ya mwanawe, ambamo mtu alikuwa anawasha mishumaa ya keki. Akavuta pumzi, akabana chupa ya Elbio kwapani, akapanda nyuma ya gari juu ya gunia la saruji.

"Mwambie mwanangu nimekwenda kuchukua chupa yangu," alimpigia kelele mjukuu wake langoni.

* * *

Alikuwa ameketi wima, kofia magotini, chupa katikati ya miguu. Wale wazee wawili walikuwa wameketi mmoja kila upande, kimya, kama wanalinda benki. Jua lilikuwa bado juu ya reli.

Elbio aliinuka alipomwona Dardo akishuka na saruji suruali nzima.

"Dardo Pintos," alisema. Mwezi mzima hakuwa amemwita mtu kwa jina. "Chupa yako. Ulinipa kimakosa."

"Kosa langu, bwana Elbio. Na hii hapa ni yako."

Elbio hakuipokea tu. Aliifungua kizibo, akanusa, akafumba macho kidogo. "Hii yangu," alisema. Wakapeana mikono. Ndipo akamwona Nibia, ambaye alikuwa amesimama kando ya gari.

"Na wewe, bi mkubwa? Umekuja kuchukua lako?"

"Ndiyo," Nibia alisema. "Nimekuja kuchukua langu."

Alikwenda akamshika mkono. Kisha akawageukia wale wanaume wanne, wawili wa baiskeli, Dardo mwenye saruji, Yamandú ambaye duka lake lilikuwa wazi mikononi mwa mtu wa kamba, na akajaribu kusema alichotaka kusema.

"Nawashukuru," alisema. "Kila mmoja. Sasa msinitazame hivyo, nitalia, na nikilia nakuwa mkali."

"Kwani usipolia unakuwaje?" Yamandú aliuliza.

* * *

Jumatatu Magela alikuja amekunja uso. Kanuni zilimtaka aandike taarifa ya tukio, na taarifa ilikwenda kwenye kamati ya maadili, na kamati ilikuwa na uwezo wa kumtoa mzee siku hiyohiyo.

"Andika yote," Nibia alimwambia. "Andika na chungwa."

"Kuna swali, 'Je, kifaa kilishindwa kufanya kazi?' Nijibu nini? Kilionyesha mahali ilipo chupa bila kukosea hata mita moja."

"Jibu hivyohivyo."

"Na hapa, 'Mshiriki alipatikana kwa njia gani?'"

Nibia alifikiri. "Andika kwamba alikuwa anafanya kazi yake, na watu wanaomjua walijua kazi yake ni ipi."

Magela aliandika. Ilichukua ukurasa mzima na nyuma yake, mahali ambapo palikuwa na mistari miwili tu. Wiki mbili hazikuleta jibu. Nibia hakufunga mlango katika wiki hizo. Alisema kwamba baba yake akitolewa, atatolewa akiwa anatembea. Dardo alikuja na mpira mwekundu aliokata kwenye tairi la ndani la baiskeli, akauvisha shingoni mwa chupa ya Elbio kama pete, na akawatangazia wachezaji wote kwamba atakayebeba chupa yenye mpira mwekundu atanunua nyama ya kuchoma ya klabu nzima.

Jibu lilikuja siku chache kabla ya Krismasi. Mzee aliruhusiwa kuendelea, na chupa yake. Kamati iliongeza swali moja kwenye karatasi za familia zote ishirini na nne, na Magela aliagizwa alisome la kwanza kabla ya mengine: Alifanya kazi gani maishani, na mikono yake ilizoea nini?

Nibia alilisoma mara mbili. "Hili lina kisanduku?"

"Halina. Lina ukurasa mtupu."

"Afadhali."

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, tasnifu ya Magela ilifika kwa posta, nene kama tofali. Wakati huo Elbio hakuweza tena kwenda peke yake. Dardo alimpitia kila siku saa tisa, wakaenda wameshikana mikono, chupa mbili za kijani, moja yenye pete nyekundu. Siku nyingine walikaa tu kwenye benchi la klabu na kuwatazama wengine wakicheza.

Magela alikuwa amepiga simu mapema kueleza. Kanuni hazikumruhusu kumtaja mshiriki kwa jina. Angeweza kuandika tu "Mshiriki wa Kumi na Saba".

"Mshiriki wa Kumi na Saba hakuwahi kumuokea mtu mkate," Nibia alikuwa amemjibu.

Sasa alisimama jikoni akaufungua ukurasa wa shukrani. Walikuwepo msimamizi, wazazi, mfuko uliotoa fedha za utafiti. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari mmoja: Na kwa mwoka mikate ambaye hakuwahi kupeleka sinia kwenye nyumba isiyo yake, na kwa binti yake, aliyenifundisha kuuliza.

Alimsomea baba yake kwa sauti. Elbio alisikiliza, mikono imenawa mpaka viwikoni, imelala juu ya meza.

"Huyo mwoka mikate ni mtu mzuri," alisema.

"Sana."

"Msalimie."

Saa tisa Dardo aligonga. Hakuhitaji kugonga, mlango ulikuwa wazi kama kila siku. Lile kufuli la shaba Nibia alikuwa amejaribu kumrudishia Yamandú, naye akakataa kupokea kitu kilichotumika. Kwa hiyo lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, na huko lilifanya kazi nzuri.